Kabugho na wimbo ulioruka jina la dada yake

Kabugho analivuta godoro kutoka kitandani, analisimamisha dirishani na kuliegemeza kwa cherehani yake lisianguke. Mlangoni ametundika mablanketi mawili. Simu iko juu ya kiti, tayari kurekodi, na yeye ameketi sakafuni, gitaa kavu, lile lisilo la umeme, pajani. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi mjini Bwera, na muda alio nao ni mfupi kabla boda boda hazijaanza kugombania abiria wanaokwenda mpakani.

Anaimba ubeti mmoja, kisha anasimama. Jogoo wa jirani amewika tena. Kabugho anamwahidi jogoo huyo kisu siku ya Krismasi, anacheka, anaanza upya.

Mchana mwanamke huyu hushona sare za shule kwenye baraza karibu na soko. Gitaa alilinunua kwa jasho la muhula mzima wa sare, na majirani wakapata la kusema. Walimwambia kwamba wanawake wengine wanaolewa na wanaume, yeye ameolewa na ubao.

"Wacha baseme," anasema. "Ubao hii hainiulizi chakula iko wapi."

Leo ni Alhamisi. Kesho wimbo unatakiwa uwe umefika kwenye redio moja mjini Kasese, ambayo kila Jumamosi hupiga nyimbo za wasanii wa vijijini. Ni mara ya kwanza wimbo wake kukubaliwa. Lakini kinachomnyima usingizi si redio yenyewe. Ni msikilizaji mmoja wa redio hiyo, mama yake mzazi, mkulima wa kahawa huko Kyondo, ambaye hakosi kipindi hicho hata akiwa na homa.

Wimbo unamhusu mama huyo. Unasimulia asubuhi za mavuno, mama akisimama mlangoni na kuwaita binti zake mmoja mmoja waamke wakachume kahawa. Kabugho aliurekodi kwa mara ya kwanza miezi kadhaa iliyopita, akaupenda, akaupeleka kwa wenzake akiwa na uhakika kwamba watampigia makofi.

Wenzake hao ni wawili. Sulaiti ni dereva wa lori anayepiga gitaa la besi, Mwislamu aliyekuja Bwera kutafuta maisha na maisha yakamkubali. Mzee Eridadi ni mwalimu wa kwaya kutoka Kitswamba, na sikio lake halina huruma. Hukutana Jumapili mchana nyumbani kwa Sulaiti. Simu hutumbukizwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, na wimbo unapigwa mara mbili bila mtu kukohoa.

Wana sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa. Mwenye wimbo hujibu kwa birika. Wenzake wanapoukosoa, yeye kazi yake ni kumimina chai na kufunga mdomo, maana asiyeweza kunyamaza hawezi kusikia.

Siku ile Sulaiti ndiye aliyeanza. Alisema gitaa la mwanzo linazunguka mno, kama dereva anayetafuta maegesho. Alisema pia kwamba kuna mahali jogoo anaimba vizuri kuliko mwenye wimbo. Kabugho akameza hayo yote na kumwongezea sukari.

Mzee Eridadi alimaliza kikombe chake. Kisha akasema, "Binti yangu, iko shimo katikati ya hii wimbo. Mama anaita Masika. Halafu anaita Kabugho. Halafu Mbambu. Biira iko wapi?"

Kabugho aliendelea kumimina hadi chai ikafurika mezani.

Sulaiti, ambaye si wa kabila lao la Bakonzo, hakuelewa mara moja, ikabidi aelezwe. Kwa Bakonzo jina la mtoto ni nafasi yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, wa nne ni Mbambu. Mtoto akifariki, nafasi yake hapewi mwingine. Kwa hiyo mtu yeyote wa milimani akisikia majina ya mabinti wa nyumba moja, anahesabu bila hata kukusudia, na akikuta pengo anajua.

"Kila mutu atauliza," Mzee Eridadi aliendelea. "Kabugho haiwezi kuja bila Biira. Wewe mwenyewe uko ushahidi."

Biira alifariki akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alikwenda kusagisha muhogo ng'ambo ya mto, na wakati anarudi mvua ilikuwa inanyesha juu mlimani, si huku chini. Mto ulifurika ghafla, ukamchukua. Kabugho alikuwa na miaka tisa, na wawili hao walikuwa wakilala kitanda kimoja.

Tangu matanga yalipokwisha, mama yao hakulitamka tena jina hilo. Mtu akiteleza na kulitaja mbele yake, aliinuka na kutoka nje, hata kama bundu, ule ugali wa muhogo, ulikuwa bado unafuka moshi kwenye sahani. Watoto walijifunza. Wakakua wakihesabiana kwa kuruka.

"Nilitaka mama afurahi," anasema Kabugho. "Sikutaka redio imupige na ile jina mbele ya majirani. Lakini muzee alisema kweli, na kweli ikaniuma."

Alijaribu kukwepa kwanza, kama binadamu yeyote. Katika toleo la pili aliyaondoa majina yote, mama akawa anasema tu "watoto wangu, amkeni." Gitaa la mwanzo alilifupisha vizuri na jogoo hakusikika kabisa. Jumapili hiyo Sulaiti alisikiliza hadi mwisho, akaitoa simu ndani ya sufuria na kuipangusa.

"Dada, sasa imekuwa wimbo ya mutu yeyote," alisema. "Hata mimi mwenye sijui kahawa naweza kuimba hii. Ile ya kwanza ilikuwa na kosa, lakini ilikuwa na mama yako."

Kabugho alimimina chai. Anakiri kwamba alitamani kuimimina kichwani kwa Sulaiti. Alirudi nyumbani amenuna, akashona sare mbili za mtu mmoja kwa vipimo tofauti, na kesho yake akalichukua gitaa tena.

Ndiyo maana asubuhi ya leo godoro limeziba dirisha. Anarekodi toleo la tatu, na Biira yumo. Linapokamilika analisikiliza mara moja, anaizima simu na kulifunga gitaa kwenye shuka. Hatalipeleka kwa Sulaiti wala kwa mwalimu. Anasimamisha boda boda ya kwenda Kyondo.

"Lazima mama asikie kutoka kwangu, si kwa redio," anasema. "Akikataa, wimbo haiendi Kasese. Nimekata shauri."

Mama Masika, kama kijiji kinavyomwita, yuko uani akitandaza kahawa kwenye turubai. Anamkaribisha binti yake bila kuacha kazi, anauliza habari za Bwera, anaulizia bei ya sabuni. Kabugho anaketi kwenye kigoda. Anasema kwa Lhukonzo, lugha yao, kwamba amekuja kuomba ruhusa ya wimbo, kisha anaanza kabla ujasiri haujamtoroka.

Mama anasikiliza akigeuza kahawa. Kwa Masika anatabasamu. Kwa Biira mikono inasimama.

Kabugho anamaliza ubeti akiwa ameangalia chini. Anasubiri mama anyanyuke na kuondoka, kama siku zote. Anajisikia tena mtoto wa miaka tisa aliyefanya kosa mezani.

"Rudia," anasema mama.

Anarudia. Safari hii mama anamkatiza katikati.

"Hapo kwa Biira unakimbia. Kwa nini unakimbia? Yule sikuwa namwita mara moja. Ninyi wengine mlikuwa mnaamka kwa jina moja. Biira alikuwa mvivu wa kuamka, mpaka nimwite mara mbili, na ile ya pili niivute."

Mama anacheka, kisha machozi yanamjaa, na hayafuti. Anasema alidhani watoto wamemsahau Biira. Kabugho anamjibu kwamba wao walidhani ni yeye asiyetaka Biira akumbukwe. Wanatazamana, na kwa muda hakuna anayejua amlaumu nani.

Kisha kazi inaendelea, maana kesho ni Ijumaa. Kabugho anaingiza magunia ya kahawa chumbani na kuyapanga ukutani yameze mwangwi. Simu inakaa juu ya gunia mojawapo. Anamwomba mama aite mwenyewe majina, kwa sauti ile ile ya mlangoni, na yeye atapiga gitaa tu. Mama anasema sauti yake imezeeka. Kabugho anasema hiyo hiyo ndiyo anayoitaka.

Masika. Biira, na kimya kidogo, na Biira tena, imevutwa. Hapo kidole cha Kabugho kinateleza kwenye uzi, gitaa linakosea waziwazi, naye anaendelea kupiga huku analia.

Anausikiliza wimbo wote mlangoni, kwenye mwanga. Fundi ndani yake anataka kurudia, kwa sababu kosa lile hata mtoto atalisikia. Lakini anaihifadhi rekodi na kuweka simu mfukoni. Anasema kesho mapema ataipeleka Kasese ilivyo, na baada ya msimu wa kahawa atarekodi nyimbo nyingine za nyumba hii, safari hii bila kumruka mtu.

Mama anamsindikiza hadi barabarani, akiwa amembebea gitaa. Boda boda inapowashwa, anainama karibu na sikio la binti yake.

"Waambie watu wa redio," anasema, "wasije wakakata pale ninapomwita mara ya pili."