Ngata ya Mpagazi kwenye Kabureta ya Baba

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya ninayokusimulia sikuyasikia kwa mtu. Yalinipata mimi mwenyewe nyuma ya nyumba yetu hapa Kitete, jua likielekea kuzama, majirani wakiwasha majiko, na sikuwa nimeonja hata togwa.

Baba yangu alifanya kazi ya reli Kigoma. Wenzake walipostaafu walirudi kwao na makabati. Yeye alirudi Tabora na mashua ya tanga juu ya behewa, pamoja na injini yake kuukuu ya petroli, ya kusukumia pale upepo ukikataa. Mtaa mzima ukamwita Nahodha wa Nchi Kavu. Hakujali. Alikuwa akitafuta lori, tunaipeleka Bwawa la Igombe, nami msichana mdogo nakaa mbele, miguu majini, nasikiliza injini ikikohoa kwanza, kisha ikishika sauti yake. Siku zile jamani! Mpaka leo nikinusa petroli nakumbuka mkono wake ukinishika gauni nisidondoke. Tukirudi alisema kila mara, "Ipo siku tutairudisha ziwani Kigoma." Hatukuirudisha. Ikakaa juu ya magogo, kuku wakataga ndani.

Mwaka jana baba akapata kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa na neno moja tu: "Washa." Anainua mkono ulio mzima, anaonyesha mashua dirishani. "Washa." Uji anakataa, dawa anatema. Nikaelewa kwamba anataka kuisikia injini yake kabla hajatuacha. Mtoto utafanya nini?

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga, na mashine zangu ni za dizeli. Injini ya baba iliwaka ikikohoa tu, na kabureta ilivuja petroli kama ng'ombe anayekamuliwa. Gasketi yake, kile kipande cha kuziba maungio, ilikuwa imekufa, na madukani hakuna ya injini ya umri ule. Nikakata nyingine kwa karatasi ngumu ya kalenda, nikaipaka nta ya nyuki. Wa Tabora sisi, ndoo ikitoboka nta, mzinga ukipasuka nta, tunadhani nta inaziba hata ugomvi. Petroli iliilamba nta yote kabla sijafuta mikono. Na majiko ya majirani yale pale! Nikazima injini, nikaketi juu ya gogo, nikalia. Ndiyo, nililia.

Ndipo nikasikia mtu akinisalimu Kinyamwezi na kuniita mama, "Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Karibu."

Alikuwa mwanamume mwenye shingo nene, shuka kiunoni, vumbi mpaka kwenye kope. Kichwani alibeba kitu kirefu kilichofungwa kwa mkeka. Alikuwa ametokea kwenye kile kijia cha nyuma, ambacho wazee wanasema ndiyo njia ya misafara ya zamani. Kwetu mtu mwenye mzigo kichwani haulizwi habari. Unamtua kwanza, maneno baadaye. Basi nikainuka, nikashika upande mmoja.

Niamini, nilishika chuma. Ubaridi wake ulipita kwenye mkeka, na uzito ukanielemea hadi nikauegemeza kwenye utosi wangu ili usituponyoke. Tukaushusha pamoja taratibu. Vumbi likaruka. Nilipotazama chini hapakuwa na kitu, ila alama ndefu mchangani, mahali ulipolala mzigo.

Yeye wala hakutazama chini. Aliitazama mashua ya baba.

"Wenzangu walitangulia na vipande vingine," akasema. "Naona mmeshaiunga. Mayu, nimefika?"

Wewe ungejibu nini? Bibi alitusimulia zamani kwamba zilikuwepo mashua za chuma zilizokatwa vipande, zikabebwa vichwani na Wanyamwezi toka pwani mpaka ziwani, na si kila mpagazi aliyefika. Nilimwogopa, sikufichi. Lakini nilimhurumia zaidi, kwa jinsi alivyouliza.

"Umefika, baba," nikamwambia. "Pumzika."

Akashusha pumzi ndefu. Akavua ngata yake ya ngozi iliyokuwa chini ya mzigo, akaniwekea kiganjani, ikiwa bado na joto la kichwa chake. Akarudi kwenye kijia. Sikumwona akipita uzio, na mbwa hakubweka.

Usiniulize ujasiri niliutoa wapi. Baba alikuwa dirishani anaita, "Washa." Nikaikata ile ngozi kwa mfano wa gasketi, nikaisugua sabuni ya kipande, ambayo petroli hailambi kama nta, nikakaza boliti. Injini ikakohoa, kisha ikashika sauti yake ile ile ya Igombe. Petroli haikudondoka hata tone.

Nikakimbilia ndani. Baba alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo, machozi yanamtoka.

"Imefika?" akaniuliza. Ndilo neno la kwanza jipya tangu augue. "Ziwani imefika?"

Nilitaka kumdanganya kama nilivyomdanganya yule mwingine. Ulimi ukagoma. "Bado, baba. Nitaipeleka mimi."

Jioni ile alikunywa uji wote. Tulimzika mvua zilipoanza.

Gasketi ile haijavuja hadi leo. Ila kila jua linapozama, uzito ule unanirudia utosini, na chuma ni baridi vile vile. Nywele zimeisha hapo, duara zima, mpaka binti wa saluni ananiuliza, "Shangazi, unabeba nini siku hizi?" Nikigeuza uso magharibi, kunakoelekea reli ya Kigoma, shingo inapata nafuu. Kaka zangu wanasema nimerukwa na akili, na jina la Nahodha nimerithi mimi. Waseme. Behewa nimeshaliulizia, barabara zikikauka naipeleka.

Nawe ukikutana na mtu mwenye mzigo, mtue, hiyo ni desturi yetu, usiiache. Lakini usimwambie amefika ili tu umfurahishe. Atakuamini, atakwenda kupumzika, na njia iliyobaki utaitembea wewe.