Filamu Aliyoisikiliza Mama

Miaka ile nilikuwa na kazi mbili, zote za kujifungia peke yangu chumbani Kihesa, Iringa. Asubuhi niliandika riwaya za upelelezi. Mchana nilikaa kwenye kinanda kutunga muziki wa filamu. Siku za ukungu kazi hizo zilichanganyikana. Mpelelezi wangu alipanda ngazi kwenye karatasi, vidole vyangu vikampigia hatua zake mezani.

Mama aliishi Mbeya. Macho yake yalikuwa yameshazimika. Vitabu vyangu nilimsomea, lakini filamu hakuwahi kuijua hata moja. Safari moja nikabeba kompyuta na spika ndogo. Tulipopita Chimala mpunga ulikuwa umeiva, nami nikasinzia ndani ya basi nikisikia filimbi isiyokuwepo.

Mimi na Mama tulikaa jikoni kwake, jiko la mkaa katikati yetu. Nikamwekea filamu ambayo ilikuwa bado haijatoka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama zamani akiimba sauti ya pili kwenye kwaya. Ilipofika pale mke anapika akimsubiri mumewe, Mama akaguna.

"Maskini. Mume ameshakufa."

"Nani kakuambia, Mama? Habari bado haijamfikia hata mkewe."

"Umeniambia wewe. Kinanda chako kinalia msiba, na mwenzio bado yuko jikoni. Kwenye vitabu unamficha muuaji mpaka mwisho. Huyu mama wa watu mbona humwachii hata hiyo raha yake ya kusubiri?"

Niliporudi Iringa nikafuta muziki wote wa sehemu ile. Mwongozaji akanipigia simu, amekasirika.

"Kaka, hapa umepaacha patupu!"

"Patazame mara moja tu, bila kusema kitu."

Akapatazama simu ikiwa hewani. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, na yule mwanamke akijiimbia kidogo kidogo.

"Haya," akasema taratibu. "Paache hivyo."

Filamu ilionyeshwa Mbeya Jumapili moja mchana, nikampeleka Mama ukumbini. Yule mwanamke alipoonja mchuzi na kujisifu, watu wakacheka naye. Mama alicheka pia, mkono wake umeushika wangu. Mlango wa yule mwanamke ulipobishwa, ukumbi mzima ukanyamaza. Mama akashtuka, ingawa alijua.

Njiani kurudi nyumbani aliniomba nimwekee tena, ile sehemu ya kupika tu.