Shosho Hupima

Juzi niliingia dukani pale Hurlingham kununua sabuni, nikatoka na chupa nne za arki. Unazijua zile chupa ndogo za kutia ladha kwenye keki: chungwa, nanaa, kahawa, lozi. Sikuwa nimekusudia. Mtu mbele yangu aliangusha moja ikavunjika, harufu ya chungwa ikaenea hadi kwenye rafu ya mikate, nami nikabaki nimesimama kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Kwenye foleni ya kulipa nikakutana na mwenzangu wa chama cha akina mama kanisani. Akachungulia kikapu changu, akacheka.

"Aki wewe! Hizo zote ni za keki?"

Nikasema ndiyo.

"Basi Jumapili utuletee. Si tuko na mkutano baada ya ibada?"

Nikasema sawa. Rafiki yangu, oveni yangu iliharibika kitambo, na huwa naweka sufuria ndani yake. Ngoja nikueleze kwa nini nilidanganya.

Nililelewa na shosho, mama yake mama yangu, katika nyumba ya baraza la jiji kule Woodley, yenye ua wa michongoma na dirisha la jikoni lililotazama kamba za nguo. Kabla sijazaliwa, shosho alikuwa mpishi Lavington kwa mama mmoja Mgoa. Huyo mama alikuwa na desturi ya kutengeneza vinywaji vitamu kila Krismasi, vile vya pombe vinavyonywewa baada ya chakula katika glasi ndogo sana. Alipohamia ng'ambo kwa watoto wake alimwachia shosho faneli ya kioo, mrija wa kudondoshea matone, na glasi ya kupimia yenye mistari myekundu. Shosho akaendeleza kazi. Mvua za Novemba zikianza, nyumba kadhaa za Lavington zilikuwa zimeshaagiza chupa zao, na ofisi mbili tatu za Hurlingham pia.

Tulianzia mjini. Spiriti tuliyoifuata haikuwa ile ya kupaka vidonda. Ilikuwa safi, ya kunywewa, isiyo na rangi wala ladha yake yenyewe, na shosho aliinunua kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka nyuma ya soko. Mzee alifungua mtungi, shosho akanusa, mzee naye akanusa, kisha wakaitikiana kwa kichwa kama watu waliomaliza sala. Hakuwahi kuinunua kwa mtu mwingine. "Spiriti usiyoijua kwao itakuonyesha kwenu," aliniambia, maana alijua watu waliopofuka kwa kunywa spiriti mbaya.

Nyumbani kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kukoroga shira: sukari na maji juu ya jiko la makaa, povu likiondolewa kwa kijiko, mpaka nyumba nzima inate utamu. Halafu tulingoja ipoe, na hapo ndipo nilipoteseka, kwa sababu sikuwa na subira. "Arki haina haraka," shosho alisema. Ukiitia kwenye shira ya moto, harufu yote inapaa unabaki na maji ya sukari. Ikishapoa alimimina spiriti, akaongeza maji yaliyochemshwa, kisha akadondosha arki huku midomo yake ikihesabu bila sauti. "Kitone kimoja ni harufu, cha pili ni dawa." Ukizidisha, kinywaji kinaingia ukungu na hakitoki tena. Mwishowe alikichuja kwa kitambaa cheupe na kukifungia kabatini wiki kadhaa, gizani.

Yeye mwenyewe hakuonja hata siku moja. Alinusa tu. Alikuwa mwanachama wa akina mama wa kanisa, na kile kitambaa cha chama cha kuvaa kichwani alikifua kwa mkono na kukipiga pasi kila Jumamosi, na ole wako ukikikalia. Kanisani walijua habari za zile chupa. Ziliondoka zimefungwa, zikaenda kwa wenyewe, kama vile mwingine anavyofuma sweta za kuuza. Hakuna aliyeona neno.

Neno lilikuja kwa upande mwingine. Katika jiji hili ukisema mtu anapima, hakuna anayefikiria sukari. Mama pima ni yule anayeuza pombe haramu ya chang'aa kwa kipimo cha glasi, walevi wamelala uani kwake na polisi wanapajua mlangoni. Nikiwa darasa la sita, msichana wa darasa letu alikuja kwetu kuazima atlasi. Akamkuta shosho ameinua ile glasi dirishani, jicho moja limefumbwa, anasoma mistari. Kesho yake shuleni nilipokewa getini.

"Niaje, mtoi wa mama pima!"

Jina likanishika kama kupe. Nilijua kupima kwa shosho na kupima kwa mama pima ni mbingu na ardhi, lakini sikumweleza mtu. Nilichukia harufu ya chungwa iliyonasa kwenye sweta yangu ya shule. Nilianza kumwomba shosho asinisindikize, nikamwambia mimi ni mkubwa sasa. Alifurahi. Alidhani nimekomaa.

Habari za shuleni hufika kanisani kabla ya Jumapili. Alasiri moja shosho akiwa mjini, mwenyekiti wa chama alibisha hodi. Sikumkaribisha ndani, nilisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Sasa, mama," akanisalimia. "Shosho yuko?"

"Ameenda tao."

Akainama mpaka macho yetu yakalingana. "Nataka uniambie ukweli, juu wewe ni mtoto wa Sande skul. Hapa kwenu, ni kweli watu wanapimiwa?"

Nilielewa swali. Nataka ujue hilo, kwa sababu miaka mingi nilijidanganya kwamba nilikuwa mdogo. Nilielewa vizuri kabisa, na nikaona njia: kanisa likimkataza, chupa zitaondoka, na jina litaondoka nazo. Tena sikuhitaji hata kusema uongo.

"Eeh," nikasema. "Shosho hupima."

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Alhamisi walikuja akina mama watatu. Shosho aliwapikia chai, nami nikabaki jikoni nikisugua faneli iliyokuwa safi tayari. Nikamsikia mwenyekiti akisema, kwa huruma hasa, kwamba wao hawakutaka kuamini uvumi, lakini mtoto wa nyumba mwenyewe amesema. Shosho angeweza kuniita. Angeweza kuwafungulia kabati, akawaonyesha vizibo na karatasi za majina, mambo yakaisha kwa kicheko.

"Mjukuu wangu hadanganyi," alisema. "Kama amesema napima, basi napima."

Aliingia chumbani akatoka na kitambaa, amekikunja mara nne, bado kimenyooka kwa pasi ya Jumamosi, akamkabidhi mwenyekiti. Wageni walipoondoka alikuja jikoni, akanitazama kidogo.

"Shira imepoa?"

Nikasema imepoa. Hakuniuliza kingine, siku hiyo wala siku yoyote. Alimaliza chupa za mwaka ule kwa sababu alikuwa ameahidi watu, kisha akaifunga glasi kwenye gazeti na hakuifungua tena. Kanisani aliketi benchi la nyuma, kichwa wazi. Alipofariki nilikuwa mtu mzima mwenye kazi. Akina mama wa chama huzika wenzao wakiwa wamevaa vitambaa, wakiimba mbele ya jeneza. Yeye hawakumwimbia. Nilisimama pale kaburini nikiwa na nafasi ya kusema, na nikanyamaza tena.

Siku hizi Woodley ile siioni. Michongoma imeng'olewa, duka la mzee nyuma ya soko linauza simu, na faneli ilivunjika nilipohama nyumba. Harufu peke yake ndiyo imebaki, nayo inauzwa Hurlingham. Na mimi, niliyemvua shosho kitambaa, navaa changu kila Jumapili. Wenzangu husema mimi ni mtu wa ukweli.

Basi sijaoka keki. Jana nilitafuta spiriti safi kwa mtu ninayemjua, leo nimechemsha shira, na ninapoandika haya inapoa. Glasi ya mistari myekundu ninayo. Jumapili wataniuliza keki iko wapi. Nitavua kitambaa kwanza, nikikunje mara nne, kisha niwaambie kwamba kwetu shosho alipima, na niwaeleze alichokuwa akipima.