Klepon na Mikono ya Mbah Painem

Ukimwambia Mbah Painem, yaani Bibi Painem, akae bila kushika kitu, umempa adhabu. Atashika ufagio, atashika kitunguu, na akikosa vyote atashika bega la jirani aliyepita tu kuomba moto na kuanza kulikanda. Nusu ya watu wazima wa kijiji chao, huko Java, milimani juu ya mji wa Salatiga, ambako asubuhi maji ya birikani yanauma vidole, walidakwa na mikono hiyo wakiwa bado na utelezi wa tumboni. Kliniki ilipofunguliwa, kazi ya kuzalisha ikahamia huko. Painem hakununa. Akabaki na kukanda: migongo, watoto wanaolialia, na zaidi ya yote matumbo ya wajawazito. Hakuwahi kumwomba mjamzito ruhusa, na hakuna aliyetarajia aombe.

Tumbo moja tu ndilo lililoikataa mikono ile, nalo lilikuwa nyumbani kwake. Ratri, mke wa mwanawe Bagas, mimba zake mbili zilitoka, na zote mbili Painem alizikanda. Daktari alisema mambo hayo hutokea. Hakuna aliyesema vinginevyo. Ila mimba ya tatu ilipoingia, Ratri alisema taratibu, macho yakiwa kwenye sahani yake, "Safari hii sitaki kukandwa, Mama."

"Haya, Nduk," akajibu Painem. Ndivyo alivyomwita siku zote, kama binti wa kumzaa. Kisha akaenda uani kupasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa.

Kabla Bagas hajarudi Kalimantan kwenye kazi yake ya mgodini, alimnunulia mkewe hamsta wawili, wale panya wanene wa kufugwa wasio na mkia wa maana, ili nyumba isiwe kimya. Muuzaji aliapa kwamba wote ni majike. Ratri aliwaweka kwenye tangi la samaki la zamani, juu ya maranda ya mbao. Yule wa rangi ya asali akamwita Klepon, jina la kile kitamu cha mviringo chenye sukari ndani, na mwenzake akamwita Onde, jina la kitamu kingine. Haukupita muda Klepon akaanza kuvimba ubavuni kama peasi, na kumng'ata Onde kila akimsogelea.

Bu Yuli, jirani muuza tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, alichungulia akacheka mpaka akashika mlango. "Majike, eh? Huyo jike mmoja amempa mwenzake nini?"

"Mtoe huyo mwanamume, Nduk," alisema Painem. "Kazi yake imekwisha."

Onde akahamishiwa kwenye ndoo. Ratri akampigia simu muuzaji kumsuta, akarudi uso umebadilika. "Mama, tusimguse kabisa. Wala watoto akishawazaa. Akishtuka, au akisikia harufu ngeni kwa watoto, anawala."

"Anawala? Wanawe mwenyewe?"

"Amit-amit, jabang bayi," Ratri alinong'ona, akilipapasa tumbo lake, maneno ambayo kila mwanamke mjamzito wa Kijava huyasema ili baya lililotajwa lisimfuate aliye tumboni. Kisha akamtazama mama mkwe wake, na safari hii hakuangalia sahani. "Naomba, Mama. Hawa wasife. Mimi nitashindwa kuvumilia."

Painem akaahidi. Tangu hapo kila akilipita tangi aliificha mikono kwapani, na Bu Yuli akamuuliza kama ana baridi au ameiba kitu.

Siku yenyewe ilifika asubuhi ya kawaida tu. Ratri alikuwa ameenda gengeni. Painem alikuwa ametoka nyumbani kwa Bu Yuli kumpaka mjukuu wa jirani huyo mafuta ya telon, yale yenye harufu kali yanayompasha mtoto tumbo, ambayo bila hayo mtoto wa huko haonekani ameogeshwa. Akasikia maranda yakichakacha. Akainama.

Klepon alikuwa ameketi kwa matako, amejikunja kama anayejitafuta kitovu. Alivuta kitu kutoka mwilini mwake kwa meno yake mwenyewe. Kitu hicho kilikuwa chekundu, kidogo kama punje ya maharage, kina miguu. Akakilamba, akakata kilichopaswa kukatwa, akakisukuma kwenye kiota cha karatasi alizozichana usiku, na bila hata kupumzika akajikunja tena. Akatoka mwingine. Na mwingine. Painem alisahau kupumua. Alikuwa ameona wanawake wakilia, wakitukana waume zao, wakimng'ang'ania shingo. Huyu hakuwa na wa kumng'ang'ania. Hakuna aliyemwambia sukuma, hakuna aliyemwambia acha. Hii ilikuwa mimba yake ya kwanza, mnyama wa kuenea kiganjani, na kila kitu alikijua. Nani alimfundisha? Painem alisikia baridi ikimpanda mgongoni, na haikuwa ile ya mlimani.

Klepon aliporudi kiotani, mtoto mmoja alikuwa amebaki nyuma, kwenye pembe ya kioo, mbali na wenzake. Wekundu wake ulianza kugeuka kijivu. Hakusogea.

Painem hakuamua lolote. Mikono yake ndiyo iliyoamua, kama ilivyozoea. Alishtukia mtoto yuko kiganjani, naye anampulizia, na ncha ya kidole inampaka telon tumboni, taratibu, mduara baada ya mduara. Punje ile ikatikisika. Ikafungua mdomo.

"Mama!"

Ratri alikuwa mlangoni na kikapu cha mchicha. Hakuhitaji kuuliza, harufu ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Alikuwa anakufa, Nduk. Alikuwa wa baridi."

"Nilikuomba." Sauti ya Ratri ilikuwa ndogo sana. "Kitu kimoja tu, Mama. Nilikuomba kitu kimoja."

Painem alimrudisha mtoto kwenye maranda kwa kijiko, wakapiga magoti pamoja mbele ya kioo, bega kwa bega, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuwa.

Klepon akatoka. Akanusa. Akapiga chafya, akarudi nyuma, akafukua maranda kwa hasira. Akaja tena. Akamgeuza mtoto kwa pua, akafungua kinywa, akamtia ndani. Mzima mzima. Akafumba.

"Amit-amit," alisema Ratri, "amit-amit, amit-amit," akishindwa kufika mwisho wa maneno, mikono yote miwili tumboni. Painem alitazama mikono yake mwenyewe, akaichukia. Alitamani ikatike pale pale.

Lakini Klepon hakutafuna. Alitembea, shavu moja limetuna kama la mtoto aliyeficha pipi, mpaka kiotani. Huko akaketi, akasukuma shavu kwa kiganja, na mtoto akatoka mdomoni akiwa amelowa, anapiga mateke, anapiga kelele nyembamba kama ya mlango usiotiwa mafuta. Akamlamba telon yote, tumbo na mgongo, akikunja uso kwa ukali wake, hakuacha hata tone. Kisha akawalalia wote. Muda si muda usingeweza kusema yupi ni yupi.

Painem alikuwa analia wazi wazi, bila kujifuta. "Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye ninayewaleta."

Nje Bu Yuli, aliyesikia kelele na kukisia, alikuwa ameshafika na wanawake wawili, kama inavyopasa mtoto akizaliwa, tena na sahani ya tempe. "Kimya!" Painem aliwafokea kupitia dirishani, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kumzuia mtu kumwona mtoto. "Leo hakuna kuona mtoto! Rudini kwenu!"

"Haya, bibi wa panya!" Bu Yuli alijibu, akiondoka.

Ratri alicheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akatazama lile rundo la joto likipanda na kushuka.

"Mgongo unaniuma tangu juzi, Mama," alisema hatimaye, akamgeuzia mgongo na kuinua blauzi.

Painem akajikokota kuinuka. "Ngoja ninawe kwanza, Nduk. Mikono ina telon."

"Usinawe," alisema Ratri.