Tinga Kuukuu la Marereni

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kiwanda cha chumvi kule Marereni, nilipewa ndoo ya maji baridi na tambara. Mimi nilikuja nikidhani nitashikishwa spana. Fundi mkuu alikuwa Mzee Shee wa Mambrui, mtu mwembamba wa kofia ya kitambaa, na hakuwa na haraka ya kitu chochote. Akanionyesha trekta lililotoka kwenye mabwawa ya kukaushia chumvi.

"Katana, osha hili. Chini kwanza, juu baadaye. Chumvi yaanza kula pale usipotazama."

Maji baridi, yale yasiyo na chumvi, yalikuja kwa lori, na hata ya kunywa tulipimiwa. Lakini mzee hakukubali mtambo wowote ulale na chumvi mwilini. Niliosha mitambo mpaka kucha zikawa nyeupe, ndipo nikaruhusiwa kutia grisi, kisha kufungua nati, na mwisho kuendesha. Mimi shule niliishia darasa la nne. Nilichojua, nilifundishwa na Mzee Shee, na ninyi vijana mnaonisoma mkione kama kilivyo.

Mwenzangu alikuwa Kahindi, kijana wa kwetu bara, upande wa Marafa. Yeye alikuwa mchomeleaji, anayeunga chuma kwa moto wa umeme. Alikuwa mpole na mcheshi. Nikipita na trekta alinipigia saluti, "Pita, mkuu wa majeshi!" Nami nikamjibu, "Vaa miwani, kipofu wewe!" Tulikula sahani moja.

Sasa niwataje waliotuharibia, maana nimekaa kimya vya kutosha. Meneja alikuwa Bwana Kilonzo. Msimamizi wa kazi za nje, forman, alikuwa Chengo, naye ni mtu wa kwetu, wala si mgeni. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi.

Miaka hiyo ya themanini mifereji ya kuleta maji ya bahari mabwawani ilikuwa ikichimbwa kwa majembe. Bwana Kilonzo akasema tununue tinga, lile lenye bapa mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Jipya halikuwezekana. Akapata habari za moja kuukuu Kilifi, la mwenye machimbo ya kokoto. Tukaenda wanne: meneja, Chengo, Mzee Shee na mimi.

Tulilikuta limepakwa rangi ya manjano, inang'aa kama embe. Mzee Shee hakutazama injini. Alitoa mfukoni chupa ya mafuta ya taa na kipande cha chaki. Kazi yake ni hii: unapaka mafuta ya taa kwenye chuma, unayafuta, kisha unapaka unga wa chaki. Kama chuma kina ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka, na mstari mweusi utajichora wenyewe juu ya weupe. Lakini lazima ukwangue rangi kwanza.

Chengo akacheka. "Mzee, umekuja kununua tinga au kufungua madrasa?"

"Nataka kukwangua hapa tu, kwenye shina la mkono," akasema mzee.

Mwenye tinga akaruka. "Rangi yangu mpya uikwangue?"

Bwana Kilonzo akawasha injini, ikanguruma vizuri. "Mzee Shee, sikia mwenyewe. Twende zetu."

"Nimesikia injini, bwana. Mkono hauna sauti."

Tinga likanunuliwa.

Kulitengeneza kulituchosha. Pini, vile vyuma vya mviringo vinavyounganisha mkono, zilikuwa zimelika, hata mkono ukicheza kama jino bovu. Silinda, mabomba yanayosukuma mkono kwa nguvu ya mafuta, zilivuja kila upande. Tulizifungua moja moja, tukabadilisha mipira ya ndani, Kahindi akachonga bushi mpya, pete za chuma za kushikia pini. Tulipofika shinani mwa mkono, mzee alikwangua rangi bila kuomba ruhusa. Chini yake mlikuwa na putti, ile ya kuzibia mashimo ya bodi za magari. Akapaka mafuta ya taa, akafuta, akapaka chaki. Tukasubiri tumechuchumaa. Mstari ukatoka, ukazunguka shina karibu wote.

"Innalillahi," akasema Mzee Shee.

Dawa yake ilijulikana. Mkono ushushwe, ufa uchimbwe wote, ncha zake zitobolewe ili usiendelee kutembea, kisha uchomelewe kwa tabaka na kuvikwa bamba nene. Bamba lilipaswa kutoka Mombasa. Kahindi alikuwa tayari. Lakini masika yalikaribia, na Chengo alikuwa amemwahidi meneja kwamba mfereji utakwisha kabla ya mvua.

"Chomeleeni juu juu," akasema Bwana Kilonzo. "Baada ya mvua tutatengeneza sawasawa."

Mzee Shee akakataa. Kahindi naye akazima mashine yake. Basi mzee akahamishiwa ghala la magunia, mtu aliyezeeka na mitambo! Chengo akaleta mchomeleaji wa kando ya barabara kutoka Malindi, akaunga juu ya ufa na kupaka rangi.

Mzee kabla ya kuondoka alituachia amri mbili. Ya kwanza: tinga hili ni la kuchota tope tu, lisinyanyue kitu. Ya pili ilikuwa desturi yake ya siku zote. Kabla ya kazi, dereva anyooshe mkono wote, auzungushe, na jino la ndoo lichore mstari ardhini. Mkono ukifanya kazi, mtu asivuke mstari ule. Tukauita mstari wa Shee.

Asubuhi ya mkosi nilichora mstari. Kahindi alikaa nje yake, anakunywa chai. Chengo akaja na mlango wa zege wa kuzuia maji, uko juu ya tela, anataka tuushushe mferejini kwa mkono wa tinga.

"Chengo, mkono huu si wa kunyanyua," nikamwambia.

"Shuka."

"Mzee alisema..."

"Mzee yuko ghalani anahesabu magunia. Shuka nikuonyeshe!"

Nikashuka, akapanda yeye. Kisha akaita, "Kahindi! Njoo ufunge mnyororo!"

Nilikuwa kando ya gurudumu. Mlango uliponyanyuka, Kahindi angali pale kwenye mnyororo, nilisikia mlio mmoja mkavu, shina likakatika. Mkono ukamwangukia Kahindi. Tinga likayumba, likateleza kuelekea mferejini, na gurudumu likanipanda mguu.

Nilipozinduka nilikuwa hospitali Malindi, na Kahindi ameshazikwa. Chengo alisimama mbele ya watu matangani akasema marehemu alikuwa mkaidi, alivuka mstari kwa ubishi wake. Kwa kuwa walioona ni yeye na mimi tu, nami niko kitandani, ikawa hivyo. Mkono uliovunjika ulikatwa vipande nikiwa bado kitandani. Bwana Kilonzo alipandishwa cheo. Chengo alibaki na kazi yake. Mimi mguu ulinistaafisha kabla ya mvi.

Vijana wa gereji hunijia kuuliza habari za silinda na pini, na huwaeleza. Nawaambia pia wasione haya kukwangua rangi ya mtu. Wananiitikia, kisha wanakwenda kusikiliza injini.

Wakati ule, nilipoweza kutembea kwa mkongojo, nilikwenda Marafa. Mamake Kahindi alikuwa anapepeta mahindi. Nikamwamkia, akanipa kigoda. Nikamweleza yote: rangi, putti, chaki, mzee kuhamishwa, mimi kushushwa. Alipepeta mpaka nikamaliza.

"Waliniambia alivuka kwa ubishi," akasema. "Mimi nikashangaa. Nikasema labda kazi ya mijini ilimbadilisha."

"Hakubisha, mama. Aliitwa."

"Aliitwa kwa jina?"

"Kwa jina lake."

"Naye akafanyaje?"

"Aliweka kikombe chini. Akasema, 'Naja.'"

Akaweka ungo magotini. Makapi yalikuwa yamemwingia nyweleni.

"Basi alikuwa ni yeye," akasema. "Huyo tangu mdogo, ukimwita anakuja."