Daftari la Hezron

Misimu ishirini na sita Tulinagwe amekaa kwenye meza ya kuchambulia kahawa kiwandani Iyula, akitoa punje mbovu kwa vidole ambavyo sasa vimeanza kufa ganzi. Kila mkataba unapokwisha anaambiwa aende nyumbani. Msimu mpya ukifunguliwa anapokelewa kama mtu aliyezaliwa jana. Sheria inataka mwajiri amchangie pensheni. Kiwanda kinasema yeye ni kibarua tu. Kibarua gani huyo, anayezeekea meza ileile?

Mwezi wa nane alikuja Hezron, katibu wa chama cha waajiri, shati jeupe, maneno laini. Akaeleza kwamba waajiri wanabanwa na sheria, na chama kinaandaa mapendekezo ya kupeleka serikalini. Mapendekezo gani, hakusema. Akagawa soda, akaweka daftari mezani.

Sasa, kwa watu wa Iyula, daftari likiwekwa unaandika jina. Msibani unaandika, harusini unaandika. Ukipita hivihivi watauliza una kinyongo gani na wenye shughuli. Tulinagwe aliandika wa kwanza, kwa mwandiko wake mzuri wa msomaji wa kanisani, na wenzake wakafuata mpaka wakatimia mia na arobaini.

Siku ya kikao cha wadau Vwawa, kiwanda kikawaletea Fuso mbili. Walipanda wakiimba, masikini, wakidhani wameheshimiwa. Ukumbini Hezron akasimama mbele ya maofisa, akasoma: wafanyakazi wa msimu waondolewe kwenye michango ya pensheni, kwa kuwa wana mashamba na watoto watakaowatunza uzeeni.

"Na hili si letu peke yetu," akasema, akiliinua lile daftari. "Wafanyakazi wenyewe mia na arobaini wametia saini. Wa kwanza, Tulinagwe."

Damu ilimpanda kichwani. Jina alilopewa na baba yake limegeuzwa kamba ya kumfungia! Akasimama bila kuitwa.

"Mama yangu, maswali baadaye," Hezron akasema.

"Sina swali, baba. Mimi niliandika kwamba nimefika, basi. Alinanuswe unamkumbuka? Alikaa upande wangu wa kulia miaka kumi na tisa, mpaka macho yakagoma. Mkamwambia akalime. Alime nini, haoni? Amekufa akiomba chumvi kwa majirani, na daftari la msiba wake nililishika mimi. Nimelisoma ukurasa kwa ukurasa. Kiwanda hakimo. Wewe humo. Leo ndiyo umejua kazi ya daftari?"

Mwenyekiti wa kikao akamuuliza anataka nini.

"Anifute. Hapahapa, nikiona."

Hezron akacheka kidogo, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti hakucheka. Hezron akatoa kalamu, akalikata jina kwa mstari.

"Mia na thelathini na tisa," akasema Tulinagwe kwa sauti.

Nyuma yake kiti kikaburuzwa. Alikuwa Osea, mpakia magunia, mtu asiyefungua mdomo hata kwenye kikao cha ukoo. Alijua, kama wote walivyojua, kwamba mwezi ujao mikataba inakwisha, na jina lisilopendeza haliitwi tena getini.

"Na mimi," akasema. "Osea. Ukurasa wa pili."

Viti vikaendelea kuburuzwa. Hezron alipofika ukurasa wa tano kalamu yake ikagoma, na mama mmoja wa meza ya uchambuzi akatoka nyuma kabisa ya ukumbi kumpelekea ya kwake.