Kikapu cha Harusi Yangu

Mama yangu alisuka vikapu vya kahawa, vile vidogo vyenye mfuniko, vya kumtolea mgeni kahawa ya kutafuna. Dada yangu alipoolewa Kemondo alikwenda na kikapu chenye ua lililosukwa kwa nyasi nyeusi, ambalo halikuwahi kuonekana kwa mtu mwingine. Changu kilikuwa bado, nami nilikingoja kwa wivu.

Mama hakuanza akijua atasuka ua gani. Akikwama, alikisukumia kikapu chini ya kitanda, akaenda kibanjani kuondoa majani makavu ya migomba. Siku ya tatu au ya nne ungemwona anarudi mbio, udongo mikononi. "Usinisemeshe, limekuja!" Anafumua mizunguko miwili, mitatu, anaanza upya. Nilimuuliza linatoka wapi. "Ningejua si ningelifuata mapema, wewe!" akanicheka.

Ujamaa ulipokuja, kijiji kiliunda kikundi cha wasukaji, na duka la kijiji likataka vikapu vinavyofanana. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka shuleni Kashozi, kichwa kimevimba kwa usomi. Nikachukua daftari la hesabu, nikachora maua yote ya Mama, mraba kwa mraba. Nilidhani namhifadhia. Mwenyekiti akanisifu mkutanoni, akaagiza kikundi kifuate daftari, mtu asiongeze lake. Mama alipiga makofi pamoja na wenzake. Mjinga mimi, nilifurahi!

Akasuka hivyo miaka minne, daftari likiwa wazi mbele yake, bila kukwama hata siku moja. Sikumwona tena akirudi mbio kutoka kibanjani. Nikasema moyoni, basi tu, anazeeka.

Zamu yangu ya kuolewa ilipofika, kikundi kilishakufa na duka limebaki na kufuli. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, nami nisukie changu." Alifurahi sana, akaanza kitako cha kikapu siku hiyo hiyo. Kisha akakwama. Akaenda kibanjani, akarudi polepole. Kesho yake vivyo hivyo, na wiki iliyofuata pia. Nilikuwa nikimchungulia dirishani, naomba Mungu nimwone akikimbia.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi kwenye mkeka, anakigeuzageuza kile kitako.

"Mwanangu," akasema, bila hasira hata kidogo, "lile daftari lako bado lipo? Nitafutie, unichagulie ukurasa."